Kigali: Askari Akishavua Gwanda

Jengo la Bunge la Rwanda, pale Kimihurura, bado lina makovu ya makombora ya mwaka 1994, na makovu hayo yameachwa makusudi. Tangu Desemba 2017 ndani yake mna makumbusho ya kampeni dhidi ya mauaji ya kimbari. Yanaeleza jinsi askari 600 wa RPA, jeshi la waasi wa RPF, walivyoingia humo tarehe 28 Desemba 1993 kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha, walivyojikuta wamezingirwa mauaji yalipoanza Aprili iliyofuata, na walivyotoka kwenda kuokoa watu. Mgeni akitoka hapo huwa ameelewa jinsi vita vilivyopiganwa. Mimi niliianzia safari yangu ya Kigali hapo kwa ajili ya sehemu nyingine ya mkataba uleule, isiyovuta watazamaji: sehemu iliyowahusu askari ambao wangebaki bila jeshi.

Serikali ya Rwanda na RPF, zilizotia saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, zilikubaliana kuunda jeshi moja la watu 13,000 na jandarmeri ya watu 6,000, serikali ikitoa asilimia 60 ya askari na RPF asilimia 40, huku nafasi za maofisa zikigawanywa nusu kwa nusu. Jawabu la hesabu hiyo kila askari aliweza kulipata mwenyewe. Jeshi la serikali, FAR, lilikuwa limefura kutoka watu elfu chache mwaka 1990 hadi makumi ya maelfu, wengi wao vijana maskini walioandikishwa haraka haraka. Sehemu kubwa yao ingerudishwa nyumbani, na nyumbani ardhi ilikuwa imekwisha kugawanyika vipande visivyotosha. Tayari mwaka 1992 askari wa FAR walikuwa wameasi na kupora huko Gisenyi na Ruhengeri, wakihofia kwamba amani ingewaacha mikono mitupu. Sisemi kwamba hofu hiyo ndiyo iliyozaa mauaji ya kimbari. Mauaji yalipangwa na watu waliojua wanachokitaka, na chuki ilikuwa imehubiriwa kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba wapangaji hao walikuta maelfu ya watu wenye bunduki ambao waliiona amani kama njaa inayokuja. Ndiyo maana nashikilia kwamba kumsaidia askari anayevua gwanda ni sehemu ya amani yenyewe, na kwamba msaada huo unapaswa kufuata hali ya maisha yake baada ya jeshi, bila kuuliza alipigana upande gani wala alivaa cheo gani. Rwanda imelikaribia jambo hili kuliko nchi nyingine ninazozijua katika ukanda wetu. Pale ilipoliacha, mpango wake umepwaya.

Kazi yenyewe ilikabidhiwa tume maalumu ya kuvunja vikosi na kuwarejesha askari uraiani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kuongozwa kwa miaka mingi na Jean Sayinzoga hadi alipofariki mwaka 2017. Awamu ya kwanza, iliyokwisha mwaka 2001, ilihusu jeshi lililoshinda: askari zaidi ya 18,000 wa RPA waliachishwa, wakiwemo waliokuwa wameingia vitani wakiwa watoto. Mabadiliko makubwa yalikuja na awamu ya pili kuanzia mwaka 2002, Rwanda ilipoingia katika mpango wa kikanda ulioratibiwa na Benki ya Dunia, ambao kufikia mwaka 2009 ulikuwa umewarudisha uraiani karibu wapiganaji 300,000 katika nchi saba. Hapo mlango uleule waliopitia washindi ukafunguliwa kwa askari wa zamani wa FAR na kwa wapiganaji waliokuwa wakirudi kutoka misitu ya Kongo. Kwa jumla watu zaidi ya 60,000 wamekwisha kupita. Kila mmoja hupewa fedha za kujikimu siku za mwanzo, kisha baada ya miezi kadhaa ruzuku ya kuanzia maisha, akishaeleza anakusudia kuifanyia nini: kununua ng'ombe, kufungua duka, kulipia mafunzo ya ufundi. Aliye dhaifu kuliko wenzake, kwa ugonjwa, ulemavu au umri, ana fungu lake la ziada. Katika mafungu haya haiulizwi bunduki yako ilielekezwa wapi.

Kuna fungu moja ambalo linauliza. Ni posho ya kutambua utumishi, inayolipwa kwa kufuata cheo, na wanaoipata ni wa jeshi la taifa na wa FAR ya zamani tu. Aliyetoka katika makundi ya msituni haipati. Hapa ndipo pingamizi lenye uzito kuliko yote linapoingia, nami sitaki kulipunguza uzito. Inawezekanaje, atauliza mtu, askari aliyesimamisha mauaji awekwe sawa na aliyekimbia pamoja na wauaji? Kuna tofauti ya haki na batili kati ya watu hawa wawili, na nchi inayoifuta tofauti hiyo inawatukana waliokufa. Nakubaliana na kila neno la pingamizi hili, ila siafiki kwamba linatupa jibu kuhusu posho. Rwanda ina namna nyingine, na bora zaidi, ya kutofautisha: nishani ya Uruti kwa vita vya ukombozi na ya Umurinzi kwa kuzuia mauaji ya kimbari, maadhimisho ya tarehe 4 Julai kila mwaka, na hayo makumbusho ya Kimihurura. Heshima hutolewa kwa lililotendwa, na asiyeistahili asipewe. Riziki hutolewa kwa mtu aliyepo leo, mwenye mguu mmoja au mwenye watoto watano, na mahitaji yake hayapungui kwa sababu historia yake inatia aibu. Mambo haya mawili yakichanganywa, meja anayejua kusoma mkataba wa benki anaondoka na kitita, na koplo asiye na ufundi wowote anaondoka na nauli.

Anayedhani kwamba kutenganisha huku ni nadharia ya mezani na ashuke hadi Remera, upande wa uwanja wa Amahoro, mtaa ambao ni moyo wa michezo ya Kigali. Rwanda ilipopeleka timu ya mpira wa wavu wa kukaa kwenye michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012, ilikuwa timu ya kwanza ya mchezo huo kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Ndani yake walikuwemo Dominique Bizimana, aliyepoteza mguu akiwa askari wa RPA, na Jean Rukundo, aliyepoteza wake akiwa upande wa jeshi la serikali. Magazeti ya Ulaya yaliwapenda sana wakati ule na kuandika kuhusu msamaha. Kinachonivutia mimi ni kitu cha chini zaidi ya msamaha. Katika mchezo huu makalio hayaruhusiwi kuinuka sakafuni unapougusa mpira, wavu umeshushwa, na mchezaji husogea kwa nguvu ya mikono. Anayekupasia lazima ajue uzito wa mwili wako na upande gani umekatika. Watu wawili waliokuwa maadui walikutana kwa sababu walikuwa na ulemavu wa aina moja na hitaji la aina moja, katika mpango ambao haukuwapanga kwa sare zao za zamani. Upatanisho, kama ulikuja, ulikuja nyuma ya hilo.

Sheria nayo ilifuata mkondo huo, ingawa kwa kusitasita. Tarehe 20 Januari 2007 Rwanda ilitoa sheria mbili zenye namba zinazofuatana: namba 01 inayowalinda watu wenye ulemavu kwa jumla, na namba 02 inayowalinda wenye ulemavu waliokuwa wapiganaji vitani. Hii ya pili inawagawa watu kwa ukubwa wa ulemavu wao, na katika makundi yenye ulemavu mzito imeleta posho ya kila mwezi, matibabu na nyumba, baadhi zikiwa zimejengwa hapa hapa Kigali. Kipimo ni mwili, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini kuwepo kwa sheria mbili badala ya moja kunazaa swali ambalo raia wa kawaida ana haki ya kuliuliza. Fundi aliyeanguka kwenye jengo Gikondo, au mama aliyekatwa mkono mwaka 1994 bila kushika silaha, kwa nini yeye awe wa sheria ya kwanza na asiwe wa pili? Watetezi wa mfumo huu husema dola ilimtuma askari, hivyo ni dola yenyewe inayodaiwa deni lake. Hoja hiyo inatosha kuanzisha wajibu, lakini haitoshi kuufungia mahali. Mfano bora upo Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, kwenye Hospitali ya Jeshi ya Rwanda, ambako raia hutibiwa pamoja na wanajeshi. Utaalamu wa mifupa na viungo uliokuzwa na vita unamfikia mwananchi aliyegongwa na pikipiki. Nikiulizwa sheria ya 2007 ielekee wapi, nitajibu kwamba ielekee huko Kanombe.

Sisi majirani hatuna sababu ya kuitazama Kigali kwa mbali. Historia ya Afrika Mashariki imejaa mifano ya kulipa kwa upande badala ya hitaji. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya kikoloni Kenya iliwagawia ardhi askari wa Kizungu kwa mpango maalumu wa mwaka 1919, huku wapagazi Waafrika waliobeba vita hiyo mabegani, na ambao majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yanawakumbuka, wakirudi kwenye kodi na muda mfupi baadaye kwenye kipande, pasi ya lazima ya kazi. Baada ya Vita ya Pili, Waruhiu Itote alirudi kutoka Burma na Bildad Kaggia kutoka Mashariki ya Kati na Uingereza, wote wawili wameshaona kwamba Mzungu naye hufa na huogopa, na nyumbani hawakukuta nafasi inayolingana na walichokitoa. Itote akawa Jenerali China wa Mau Mau. Kaggia akahukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Sisikitiki kwamba waliupinga ukoloni, kwani ulistahili kupingwa. Nawataja kwa sababu wanaonyesha jambo ambalo kila serikali, ya haki au ya dhuluma, italikuta: mtu aliyefundishwa vita na kunyimwa nafasi hausahau ujuzi wake.

Kutoka Kigali barabara ya kaskazini inapanda kupitia Rulindo na Gakenke hadi Musanze, mji ulioitwa Ruhengeri, ambako milima ya volkano inaziba upeo wa macho. Huko ndiko iliko kambi ya Mutobo, inayopokea wanaotoka Kongo, hasa wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi lenye asili katika waliokimbilia huko baada ya mauaji ya 1994. Zaidi ya watu 10,000 wameipitia. Hukaa miezi michache wakifundishwa historia na uraia, ufundi wa mikono na namna ya kuendesha biashara ndogo, na huandikishwa kupata kitambulisho cha taifa na bima ya afya. Kwa kijana aliyezaliwa msituni Kivu, mashariki mwa Kongo, kitambulisho hicho ni mara yake ya kwanza kuwa mtu mbele ya sheria yoyote. Njia hii ilifunguliwa kwa kishindo Novemba 2003, Jenerali Paul Rwarakabije, kamanda wa FDLR, aliporudi na wapiganaji wake. Alipewa ukamishna katika tume ileile ya kuwarejesha askari, na baadaye akaongoza idara ya magereza. Kwa wenzake waliobaki msituni, uteuzi huo ulisema mengi kuliko kipindi chochote cha redio.

Lakini siwezi kuandika kuhusu Mutobo bila kurudi Gisozi, kwenye kumbukumbu ya Kigali walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Kwa aliyenusurika, habari kwamba mpiganaji wa FDLR amerudi kijijini na amepewa ruzuku ni jeraha, na hakuna maelezo ya sera yanayolifuta. Kuna mambo mawili yanayopaswa kusemwa hata hivyo. La kwanza, kurejeshwa uraiani Rwanda hakumpi mtu msamaha wa jinai. Mahakama za kijamii za gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji hayo, zilifanya kazi hadi mwaka 2012, na anayetuhumiwa anaweza kushtakiwa hata baada ya kupita Mutobo. La pili ni hesabu ya umri: sheria ya Rwanda haikuruhusu kumshtaki aliyekuwa chini ya miaka 14 wakati wa mauaji, na wengi wa wapiganaji wanaorudi sasa mwaka 1994 walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa. Kuwatoza vijana hawa deni la baba zao kutawarudisha kwa makamanda wanaongoja jambo hilo hilo. Mnusurika naye asiambiwe kwamba subira yake ni mchango wake kwa taifa. Mfuko wa kuwasaidia walionusurika, ulioanzishwa mwaka 1998, ulipaswa kutangulia kila mfuko mwingine, na popote nyumba ya mnusurika inapovuja wakati jirani yake aliyerudi kutoka msituni anaezeka bati jipya, mpango umefanya kosa, hata kama takwimu zake ni nzuri.

Ng'ambo ya mpaka kuna ushahidi wa upande wa pili. Kundi la M23 linaitwa hivyo kwa tarehe, 23 Machi 2009, siku serikali ya Kongo ilipotia saini makubaliano na kundi la waasi la CNDP, ambayo sehemu yake ilikuwa kuwaingiza wapiganaji wa CNDP katika jeshi la taifa. Mwaka 2012 waliasi wakidai makubaliano hayajatekelezwa, wakaiteka Goma Novemba mwaka huo, na Januari 2025 Goma ikaanguka tena mikononi mwa kundi lenye jina lilelile. Hapa msomaji atanisimamisha, na afanye hivyo: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakana na kusema tishio ni FDLR, nami naisifu Kigali kwa kuwarudisha askari majumbani? Naisifu kwa kilichofanyika ndani ya mipaka yake, na sioni kwamba sifa hiyo inafuta chochote cha yanayosemwa kuhusu Kivu. Naona kinyume chake. Kama nchi inajua kwa uzoefu kwamba mpiganaji wa FDLR anaweza kurudi akawa fundi seremala Musanze, basi inajua kwamba kuna njia ya kuimaliza FDLR isiyopita katika miji ya watu wa Kongo. Makubaliano ya Washington ya Juni 2025 kati ya nchi hizi mbili yanazungumzia kuizima FDLR. Yakitekelezwa kwa mizinga zaidi kuliko kwa mabasi ya kuelekea Mutobo, yatazalisha kizazi kingine cha yatima wenye silaha.

Wapo wanaopinga kwa sababu tofauti: wanasema ingando, yaani kambi za mafunzo ya uraia, na vituo kama Mutobo ni mahali pa kufinyanga fikra, ambako mtu hufundishwa kuitii serikali zaidi ya kufundishwa kuishi. Hili lina ukweli ndani yake. Katika nchi ambako upinzani una nafasi finyu, somo la uraia linaloendeshwa na dola haliwezi kuwa somo tu. Ila sikubali kwamba dawa ni kuacha kufundisha, kwa sababu aliyelelewa na redio ya chuki msituni anahitaji kusikia kilichotokea mwaka 1994. Dawa ni kuhakikisha kwamba ruzuku, bima na posho ya ulemavu ni haki zilizoandikwa, ambazo mtu hazipotezi kwa kuikosoa serikali kwenye mkutano wa umudugudu, yaani kijiji. Wakosoaji na watetezi wa mpango huu wangefanya vyema kuupima hapo.

Na ipo kazi ambayo haijaanza vya kutosha. Mpango mzima ulibuniwa kwa ajili ya vijana: fedha za mara moja, mafunzo, mtaji, nenda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1994 amekwisha kuvuka 50. Abademobe, kama waachishwaji wanavyoitwa huku, wanaanza kuzeeka, na ruzuku aliyopewa mtu mwaka 2003 haimlipii dawa ya shinikizo la damu leo. Wanawake wanahitaji kuangaliwa upya kabisa. Wachache sana waliandikishwa kama wapiganaji, na wengi waliobeba mizigo, risasi na wagonjwa msituni walipokelewa kama wake na wategemezi, hivyo mafungu yakaelekezwa kwa waume. Kisha kuna maradhi ya akili, ambayo Rwanda inayafahamu kuliko nchi nyingi na ambayo hospitali ya Ndera, nje kidogo ya katikati ya jiji, imeyabeba kwa zaidi ya miaka 50. Askari mwenye jinamizi la usiku haendi Ndera hadi familia imfunge kamba, kwa kuwa kwake jina la hospitali hiyo ni fedheha. Anapaswa kumkuta mshauri kwenye kituo cha afya cha sekta yake, siku ileile na benchi lilelile anapokaa mnusurika, mkulima, na kijana aliyetoka Mutobo mwezi uliopita, na gharama ilipwe na bima ambayo wote wanne wanaichangia.